Kivimbe cha Mama

Wakati wa vita, daktari mgeni alifika kwetu Rumonge, kando ya ziwa, na mashine ya kutazama ndani ya shingo. Alitoka nchi ambako kiwanda cha atomiki kiliwahi kuungua, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kutafuta saratani shingoni mwa watu. Aliwapaka mama na mama mdogo mafuta baridi, akatulia kama anayesikiliza ziwa. Wote wawili, alisema, wana kivimbe kama haragwe, huenda ni saratani changa. Waende Bujumbura wakatwe.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa akiwaita wanunuzi wa samaki pwani kwa wimbo. Sauti yake ilitembea juu ya maji pamoja na ukungu.

"Dada, twende," alisema.

"Tangulia. Ndagala zangu ziko mchangani, nikiziacha kunguru watazimaliza."

Mama mdogo akaondoka peke yake. Kesho yake, wakati samaki wale wadogo bado hawajakauka, risasi zililia upande wa Magara, kwenye njia ya Bujumbura, na barabara ikafungwa. Ilipofunguliwa, mama mdogo alirudi na kovu jembamba, vidonge vya kumeza kila asubuhi, na mnong'ono mahali pa sauti.

Miaka mingi baadaye daktari mwingine aliniambia kwamba watu wengi huzeeka na saratani ndogo kama hizo, wakazikwa nazo bila kujua. Nilitamani kumuuliza alikuwa wapi siku zile.

Siku hizi mama ndiye anayeimba pwani. Kivimbe chake kinapanda na kushuka, na pembeni mama mdogo anampigia makofi.