Leonia na Zimwi Nililolisahau

Niseme wazi mapema: mimi Zaitun nina hasira za karibu. Ukija kwenye meza yangu ya migebuka ya kukaanga pale Ujiji ukaanza kuminyaminya samaki hununui, utanisikia. Lakini yuko mtu mmoja mji huu mzima ambaye sijawahi kumpandishia sauti, isipokuwa siku moja tu, na hiyo ndiyo nitakayoieleza. Mtu huyo ni Leonia wa steshenari ya Gungu.

Ukimwona hutamdhania. Mama wa miaka hamsini na miwili, mfupi, miwani imefungwa uzi, kutwa anatoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa na kuchapa barua za watu wanaoomba kazi. Kwao ni Kagunga, kule mpakani, na Kiswahili chake mpaka leo ukikisikia unajua huyu ni Muha. Wateja wanamjua hivyo tu. Ila kila Jumamosi saa tisa alasiri anaifunika mashine kwa kitenge, anarudisha mlango, na sisi tunaizunguka meza ya kukatia karatasi tupigane na mazimwi.

Ni mchezo. Si bao, si drafti, si karata. Kila mchezaji ana karatasi ya mtu wake wa kubuni: jina, nguvu zake, vitu alivyobeba. Leonia ndiye msimulizi. Anakwambia, "Mmefika pangoni, ndani kuna kitu kinakoroma, mnafanyaje?" Wewe unasema unachofanya, halafu bahati inaamua. Nasikia wenzetu huko nje wana dadu yenye pande ishirini. Sisi tuna visoda ishirini, vile vizibo vya chupa za soda, ndani ya kopo la maziwa, vimeandikwa namba kwa rangi ya kucha. Ukichomoa ishirini, umeshinda. Ukichomoa moja, umejikata mguu wako mwenyewe.

Aliupataje? Ujanani alikuwa akimpigia taipu mtafiti mmoja wa samaki, mgeni, ambaye alipoondoka alimwachia sanduku la vitabu. Chini kabisa kilikuwamo kitabu cha mchezo huu, cha Kiingereza, hakina hata jalada. Leonia na kidato chake cha nne alikaa nacho miaka miwili, kamusi pembeni, mpaka akakiandika chote kwa Kiswahili. Chote, isipokuwa sura ya mazimwi, maana mchwa walikuwa wameila, wakabakiza kingo za kurasa. Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alinunua kauntabuku, akatuita mabinti na vijana wa mtaani, akatwambia, "Haya, mazimwi leteni wenyewe."

Tukayaleta! Kulikuwa na Panya Karani, mwenye mhuri. Akikugonga nao huwezi kusonga mbele mpaka upate saini tatu. Kulikuwa na Kumbikumbi Waliokufa Njaa, wanaokula sauti yako, ukabaki unatapatapa kama bubu. Kulikuwa na Jirani Chumvi. Huyo alinitisha mpaka nikakosa usingizi. Anabisha hodi kwa adabu, anaazima chumvi, na ukimpa anaondoka na chumvi pamoja na jina la mtu mmoja unayempenda. Mazimwi sitini na matatu, jamani, kila moja na ukurasa wake.

Na Leonia aliweka sharti ambalo hakuna aliyewahi kulivunja. Ukurasa unaandika jina la zimwi, umbo, tabia na nguvu. Mstari wa mwisho, "Dawa yake," unaachwa mtupu. Dawa hiyo mwenye zimwi humnong'oneza Leonia sikioni, basi, inajulikana na watu wawili tu. Zimwi lako likitolewa mezani unacheza kama wengine, lakini dawa yake huruhusiwi kuwatajia wenzako. Siku likishindwa ndipo unapewa kalamu uujaze ule mstari.

Miaka ikapita. Wengine wakaolewa, wengine wakahamia Dar, na kauntabuku likaanza kulala chini ya marundo ya karatasi. Mezani nilibaki mimi, wakaongezeka Mwalimu Thobias wa sekondari na Nasra, binti anayesomea uuguzi. Sasa Thobias, mtu mzuri, tatizo lake anajua sana. Mwaka huu alikuja na toleo jipya la kitabu, amelipakua kwenye simu, lina picha za rangi, majoka ya kutema moto yenye misuli kama wabeba mizigo wa bandarini.

"Dada Leonia," akasema, "haya mazimwi ya kwetu yamepitwa na wakati. Panya mwenye mhuri? Tuwe wakweli. Tuyapumzishe."

Nasra akatazama chini. Nilijua yuko upande wa Thobias, ila kwa adabu yake asingeweza kumwambia Leonia usoni. Mimi nilitaka kumrushia Thobias lile kopo la visoda. Leonia akanishika mkono.

"Sawa, mwalimu," alisema taratibu. "Jumamosi moja. Niacheni nichague mimi zimwi moja la zamani. Likiwachosha, kauntabuku naliweka kwenye sanduku, nalifunga, na tunacheza kwa kitabu chako. Sitalitoa tena."

Nilimfahamu. Huyu si mtu wa kusema asichomaanisha. Miaka karibu ishirini ya vichwa vya watu ilikuwa mle ndani, na ilikuwa inaning'inia kwenye alasiri moja. Nilikaa wiki nzima roho juu, nikaunguza samaki mara mbili.

Jumamosi ikafika. Leonia alifungua ukurasa wa arobaini na moja, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mnakimbia vita," akaanza. "Boti ya mwisho imefunga gatini. Lakini katikati ya gati limekaa zimwi. Tumbo lake ni kubwa kama pipa la mawese. Limewapa mgongo, linatazama majini. Linaitwa Ngojangoja."

Nikacheka kwa furaha. Langu! Nililitunga mwenyewe nikiwa na miaka kumi na minne, na halikuwahi kutolewa mezani. Nikajiegemeza kitini kwa maringo, nikasema moyoni, leo mwalimu ataisoma namba. Halafu nikatafuta dawa yake kichwani. Sikuikuta.

Nikatafuta tena. Moto? Chumvi? Hakuna kitu. Wallahi, zimwi langu mwenyewe, na sikuikumbuka dawa yake.

Thobias alianza kwa upanga. Akachomoa kisoda, kumi na tisa! Akapiga meza kwa furaha. Leonia akatikisa kichwa. "Umelipiga barabara. Tumbo limeongezeka. Limegeuka, limekumeza."

"Na kumi na tisa?"

"Na kumi na tisa."

Nasra akajaribu kulipa chakula, halikula. Akajaribu kupita kwa kunyata, likamnyakua bila hata kugeuka. Nikabaki mimi na mtu wangu, Bi Shoka, mfanyabiashara mwenye miraba minne. Ikiwa nami ningemezwa, mchezo umekwisha, na kauntabuku lingekwenda sandukuni.

"Nalichoma moto," nikasema.

"Boti inapiga honi ya kwanza. Moto umezima. Tumbo limeongezeka."

Thobias akaangua kicheko. "Zaitun, si wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha? Mbona hili lako hata halikujui?"

Hapo ndipo nilipompandishia Leonia sauti. "Dada Leonia, hili zimwi ni langu! Nipe hata kidokezo! Unataka kazi yako yote ikafungiwe sandukuni?"

Hakukasirika. Macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi mjinga nikadhani ni kwa ajili ya kauntabuku. Akasoma kutoka kwenye ukurasa, kwa sauti ya chini, maneno niliyoyaandika kwa mwandiko wangu wa shuleni: "Mkononi limeshika kitenge cha kijani. Halikiachii hata likilala."

Kitenge cha kijani.

Mama yangu alikuwa akivuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, kuuza mawese. Safari ya mwisho aliniachia kitenge chake cha kijani pale Kibirizi zinakofunga boti, akasema, "Nifulie hiki, Jumanne narudi." Nikakifua, nikakipeleka Jumanne. Nikakipeleka Jumanne iliyofuata. Nilikwenda na kitenge kile miezi saba, kila ajaye ananicheka au ananifukuza, mpaka mwanamke mmoja aliyeshuka kwenye boti akaniambia mama ameolewa huko na ana mimba. Tangu hapo, ukiniuliza, mama yangu ni marehemu. Thobias anajua hivyo. Nasra anajua hivyo. Mume wangu anajua hivyo.

Katika ile miezi saba ndipo nilipoanza kuja kwa Leonia, na ndipo nilipoleta zimwi langu. Bibi alikuwa ananiambia kila siku, ngoja ngoja huumiza matumbo, nikalitolea humo jina. Nikakumbuka nilivyosimama kwa vidole nikimnong'oneza dawa sikioni. Nikakumbuka kwamba hakucheka, wala hakuniambia pole. Alisema tu, "Zimwi zuri sana hili. Nitalitunza."

"Boti imepiga honi ya pili," Leonia akasema. "Bi Shoka anafanyaje?"

"Anaweka shoka chini," nikasema. "Anakwenda kukaa karibu yake. Anaangalia na yeye kule linakoangalia." Nikaendelea: "Analiuliza, unamngoja nani?"

Nikanyoosha mkono kuchukua kisoda. Leonia akalisogeza kopo mbali nami. Halikuhitajika.

"Linasema," akajibu, "namngoja mama. Alisema Jumanne."

Nililia, nisiwafiche. Nililia mbele ya mwalimu wa sekondari na mwanafunzi wa uuguzi, kamasi na kila kitu. Halafu nikajibu, na aliyejibu hakuwa Bi Shoka. "Hakurudi. Hatarudi, na si kosa lako. Inuka twende, boti inaondoka."

"Limeinuka," Leonia akasema. "Tumbo limenywea, Thobias na Nasra wametoka wazima. Mmepanda wanne."

Nasra akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada Zaitun, si ulituambia mama ni marehemu?"

"Nilidanganya," nikasema. "Mama yangu yuko Kalemie, mzima. Aliniacha."

Miaka kumi na tisa Leonia alikuwa akinisikia nikisema "marehemu mama yangu," harusini kwangu, kwenye arobaini ya bibi, hata sokoni, na hakunisahihisha wala hakumwambia mtu. Siri yangu, ya ile Jumanne na ya ndoa ya Kalemie, nilimnong'oneza yeye peke yake mwaka ule, kisha mimi nikaisahau, yeye akaendelea kunitunzia. Wangapi humu mjini wamemwachia zao kwenye kurasa zile? Watu wanamsifu kwa kuchapa bila makosa. Hawajui.

Thobias hakutoa hotuba yoyote, na hilo kwake ni muujiza. Alizima simu yake. Jumamosi iliyofuata nilimkuta amefika kabla yetu, karatasi mkononi, ameinama kwenye sikio la Leonia ananong'ona, na alinong'ona muda mrefu sana. Leonia hakucheka. Alimwambia tu, "Zimwi zuri hili, mwalimu," akaigundisha karatasi kwenye ukurasa wa sitini na nne.

Kisha akanigeukia mimi, akafungua ukurasa wa arobaini na moja, akanipa kalamu. Mstari ule ulikuwa bado mtupu. Nilichukua muda, maana dawa niliyomnong'oneza nikiwa mtoto ilikuwa nusu tu: muulize anamngoja nani. Nikaandika hiyo, na chini yake nikaongeza, kwa mwandiko wangu wa sasa: mwambie ukweli, halafu usimwache hapo, ondoka naye.