Mchumba Mrusha Mpira

Kijana aliyekuja kumposa binti yangu alisema kazi yake huko Marekani ilikuwa kurusha mpira. Miaka kadhaa alilipwa na timu za besiboli za miji midogo ili asimame katikati ya uwanja, amrushie mpira mtu mwenye gongo la mbao, na huyo mwenye gongo ashindwe kuupiga. Kaka yangu amekaa hapa Birmingham, Uingereza, muda wa kutosha kuielewa kriketi, akasema ni kriketi tu hiyo. Mimi nikasema ni uongo tu huo. Nani anakulipa kwa kurusha?

Wazazi wake ni watu wa Tanga, yeye kazaliwa huko huko Marekani, na sasa yuko hapa hapa Birmingham, ghalani Shard End, anapanga mizigo. Nimuulizie kwa nani? Nyumbani ningetuma mtu mtaani kwao, na jioni ningezijua tabia zake mpaka za bibi yake. Hapa binti yangu alinionyesha simu tu, kijana kavaa kofia iliyofunika nusu ya uso.

"Mama, that's him," akasema.

Angeweza kuwa mtu yeyote.

Siku ya kwanza alinipa boksi la tende kwa mkono wa kushoto, mbele ya kaka yangu. Na kwa joto lote lile alivaa shati la mikono mirefu, kalifunga vifungo vyote. Nikajua kuna kitu kinafichwa humo, labda jina la mwanamke kalichora kwenye ngozi.

Basi nikamwalika chakula cha mchana kwangu Hodge Hill. Nikapika pilau, nikatandika mkeka, na vijiko nikavificha makusudi, nione malezi yake. Alinawa, akatia mkono wa kulia kwenye sinia, na badala ya kupeleka tonge mdomoni, akaupeleka mdomo kwenye tonge. Kila tonge alikuwa anainama. Kaka yangu akaninong'oneza kwamba huyu anakula kama mbuzi. Mimi nilikuwa naliangalia jasho kwenye paji la uso wake.

"Baba, mkono huo una nini?"

"Elbow haikunjiki, mama. Walinipasua mara mbili." Akapandisha shati. Kovu lilizunguka kiwiko chote.

"Mbona hukusema?"

"Nimezoea. Kule ukisema unaumwa, wanamweka mwingine. Season ya mwisho nilimwambia daktari niko fine, mpaka mshipa ukakatika."

Kwa hiyo kazi ilikuwa ya kweli. Ningetulia, lakini nilizidi kuogopa. Kama aliweza kumficha daktari, mwanangu atamficha mangapi?

"Na sasa unauma?"

Akashusha shati. "Kila siku, mama."

Binti yangu alikuwa kashika jagi la maji. Akaliweka chini, akamwambia mchumba wake kwa Kiingereza, sauti ndogo, kwamba yeye aliambiwa mkono uliacha kuuma zamani. Kijana akaangalia sinia.

Tangu posa ilipoletwa nilikuwa namwomba Mungu amtie mwanangu shaka, japo kidogo tu. Sasa nikaiona usoni mwake, na roho ikaniuma. Nilitaka kumwondolea, na sikuwa na neno hata moja la kumtetea yule kijana.