Ubeti wa Pili wa Kaldabakki

Hallbera hakukubali kuwapikia wanawake wa chama kimoja safarini kwa ajili ya mshahara. Alikubali kwa kuwa basi lao, mahema juu na jiko nyuma, lingepita shamba la Kaldabakki.

Kwenye safari hizi za kiangazi kuna desturi. Shamba likionekana dirishani, anayelijua hupewa kipaza sauti aseme habari zake, na hakatizwi mpaka basi livuke mto wa mpaka. Hapo zamu inahamia shamba linalofuata. Hallbera alichotaka ni zamu ya Kaldabakki tu. Kaka yake alifia pale, na tangu afe hakuna aliyemtaja kwa jina lake mbele za watu.

Walikuwa mayatima. Siku zile kata ilikuwa ikimkabidhi yatima mkulima aliyedai malipo madogo kuliko wote ya kumtunza, na wa Kaldabakki, aliyewachukua wote wawili, alidai kidogo akalisha kidogo. Kaka yake, Styrmir, alikuwa akilia njaa, wakambandika jina la Kinywa. Siku ya dhoruba ya theluji wakamtuma mlimani kumtafuta kondoo, mikono mitupu bila glavu. Alionekana theluji ilipoyeyuka. Wenye nyumba wakasema alikuwa ametoroka na siagi yao. Uongo mtupu! Watu wale hawakuwa na haya hata chembe.

Asubuhi Hallbera alimfuata Oddur, dereva.

"Mwanangu, tukifika Kaldabakki, nipe mimi kipaza sauti."

"Mama mpishi nawe una hadithi? Haya, chako."

Lakini paa jekundu la Kaldabakki lilipochomoza, bibi mmoja wa kiti cha mbele alikinyakua kipaza sauti kabla Hallbera hajafika. Alikuwa Ragnheidur, mke wa tajiri wa meli.

"Jamani, kwetu hapo! Nimezaliwa hapo!"

Akamsifia baba yake, akazisifia chapati za mama yake, kisha akacheka. "Na tulikuwa na kitoto cha kata, kilafi hicho, we! Tukikiita Kinywa. Baba alikitungia ubeti." Akaimba:

*Kinywa kaenda mlimani, kondoo akamkosa,*
*siagi tele tumboni, theluji ikamposa.*

Basi zima likaangua kicheko. Hallbera alikuwa amesimama kwenye ujia, mkono ameunyoosha. "Na mimi nina neno."

"Kahawa baadaye, mpishi," alisema Ragnheidur bila kugeuka.

Magurudumu yakagonga mbao za daraja. Oddur akamtazama Hallbera kwenye kioo kwa aibu kidogo. "Mto tumevuka, mama. Desturi ni desturi."

Jioni, jua likiwa bado juu kama ilivyo kiangazi cha kaskazini, walipiga mahema kando ya mto. Ubeti ule ulikuwa mwepesi kushika, nao wakauimba huku wakigongomea vigingi. Hallbera alikoroga supu ya kondoo akiusikia ukitoka kila upande, hata kwa wasichana ambao hawakumjua mtu yeyote wa Kaldabakki. Mwishowe akachukua bakuli moja, akampelekea Ragnheidur, akasema kwa sauti waliokuwa karibu wasikie:

"Aliitwa Styrmir. Alikuwa kaka yangu."

Ragnheidur alimkodolea macho. Kisha machozi yakamtoka, akamkumbatia, supu ikamwagika.

"Bera! Kabera ketu kadogo! Uko hai? Jamani, njooni mwone! Huyu ndiye aliyekuwa akituimbia jikoni! Baba alimpa mkia wa samaki kila akiimba."

Alikuwa na furaha ya kweli, na hilo ndilo baya kuliko yote. Wanawake wakaacha mahema wakakusanyika.

"Mimi ubeti wa pili umenitoka," alisema Ragnheidur akipangusa macho. "Wewe ndiye ulikuwa bingwa wake. Tuimbie, mpenzi wangu!"

"Nimesema aliitwa Styrmir," Hallbera alirudia.

"Ndiyo, ndiyo, Kinywa! Haya, imba!"

Wakaanza kupiga makofi ya mwendo, wote, hata Oddur. Hallbera aliujua ubeti wa pili neno kwa neno. Ulikuwa umemlisha msimu mzima wa baridi, kaka yake akiwa bado chini ya theluji. Alifumbua kinywa aseme lile jina mara ya tatu, lakini makofi yalikuwa yaleyale ya jikoni, na kinywa kikafuata kilivyofunzwa.

Akauimba mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa nzuri bado, wakamwomba aurudie.