Vyumba Tulivyouziwa Mjane Akiwa Eda

Aliyetuletea habari hii anakaa Tabora mjini. Jina lake tunalijua sisi peke yetu, na majina ya wengine tumeyabadili. Maneno ni yake mwenyewe. Msomeni hadi mwisho, kisha mumjibu kupitia ukurasa huu.

Wasomaji, hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mama wa watoto watatu. Kwetu ni Sikonge, Mmoravian wa kuzaliwa. Sina ulimi wa kubembeleza, mtanisamehe. Mume wangu ni mrina asali, na tangu tuoane tumejinyima ili tupate pa kukaa mjini, watoto wasome. Yote tuliyoyachuma tukayamwaga kwenye vyumba viwili, na leo vyumba hivyo vina damu ukutani, nimeisugua mpaka nimechoka.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya enzi za misafara. Vyumba vimezunguka ua mmoja, kisima ni kimoja, choo kimoja, lango moja, na kila chumba kina mwenyewe. Mwenye vyumba viwili vya mbele alikuwa amefariki. Aliyetuuzia ni kaka yake, nimwite Feruzi. Msidhani mume wangu alikurupuka. Alikwenda Boma kuuliza kama kiwanja kimepimwa na kama kina kesi, karani akamwambia hakina neno. Akawauliza wazee wa barazani nani hutengeneza paa likivuja na nani ana haki ya kisima. Wote wakamjibu vizuri, wakasema Feruzi ndiye mkubwa wa ukoo, na hilo lilikuwa kweli.

Ila aliuliza wanaume tu. Mjane wa marehemu, Bi Zuhura, alikuwa eda, amekaa chumba cha nyuma, haonani na wanaume wa nje. Niliingia mimi, nikampa shikamoo na pole na kibuyu cha asali. Hakuingia mwingine yeyote wa kwetu. Akanishukuru, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona mumeo anapima milango yangu?"

Nikarudi nikamwambia mume wangu tungoje mama wa watu atoke eda, tumsikie. Akanizaba kofi nikaona giza. Akasema kwetu mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu na nyumba humfuata huyo ndugu, sasa aulizwe nini? Wanyamwezi wenzangu mnaijua mila hiyo. Hakujua kwamba kwa sheria ya dini yao mjane ana fungu lake na watoto wana lao, wala hakuna awezaye kuuza bila ridhaa yao. Feruzi alijua vizuri sana. Ndiyo maana aliharakisha, mwanamke angali ndani hawezi kutoka kwenda kwa kadhi. Laana imfuate huko aliko.

Tukahamia. Siku eda ilipokwisha Bi Zuhura alioga, akavaa, akatoka uani, akakuta kitanda changu mahali alipokuwa akilala na mumewe. Akapita langoni, akarudi na kaka yake, mchinjaji wa sokoni, pande la mtu. Bi Zuhura akasimama mlangoni pangu akasema, "Mnalala juu ya haki ya wanangu."

Mume wangu angenyamaza tu. Kumbe wapi! Akamwambia, "Nenda karithiwe, mwanamke."

Kaka mtu akamvuta shati, akambamiza kichwa ukutani. Mume wangu akaokota kigoda akampasua paji la uso. Wakaanguka kando ya kisima wanakabana, watoto wangu wanalia, na Bi Zuhura alipokwenda kuwaamua, mume wangu akampiga teke la mdomo, meno yakamtoka. Hapo kaka yake akachomoa kisu. Mimi nilikuwa kwenye kinu natwanga. Nikaushusha mchi kwenye mkono wake kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa unavunjika. Kisu kikaanguka, na mimi bado napiga. Majirani ndio walioninyang'anya ule mchi. Huruma sikuwa nayo hata chembe, nawaambia kweli.

Mkono ule ulioza, hospitali wakaukata. Feruzi kusikia hivyo akakimbilia Ziba kwenye ng'ombe wake.

Sasa wiki ijayo tumeitwa mbele ya Liwali. Mume wangu anataka niseme kwamba siku ile nilipoingia, Bi Zuhura alikubali vyumba viuzwe, tena kwa kinywa chake. Hakuna wa kunipinga ila yeye mwenyewe. Nikisema hivyo, vyumba vinakuwa vyetu. Nikisema vingine, mume wangu ameapa sitarudi nyumbani kwa miguu yangu, na ule mchi ameulaza kitandani upande wake.

Bi Zuhura naye alinikuta kisimani. Nilidhani atanitukana. Akaniambia, "Sema nilichokuuliza, basi. Ukikisema, wewe na wanao mtakaa kwangu mpaka mpate pengine. Ukinikana, kaka yangu bado ana mkono mmoja."

Kila siku mume wangu ananikalisha ananifundisha maneno ya kumwambia Liwali. Binti yangu mdogo ameshayashika. Jana nimemkuta uani anacheza na huku anayaimba, "Mama mjane alikubali, mama mjane alikubali," na Bi Zuhura ameketi palepale anapepeta mchele, anamtazama.

Ndugu zangu, wengine wenu mna wake, wengine mna wajane ndani ya nyumba zenu. Msinionee haya. Siku ile Liwali akinigeukia, niseme lipi?