Mkono Ambao Arlen Hakuushusha

Nianze na kosa langu, maana nikianza na Arlen nitajipendelea. Pikipiki yake mpya niliitoa mimi kwenye kreti, usukani nikaufunga mimi, na kwenye karatasi ya ukaguzi, mstari wa shingo, yaani pale usukani unapozungukia, nikatia alama ya vema bila kunyanyua gurudumu la mbele. Ilikuwa Ijumaa jioni. Kwetu Wisconsin Ijumaa ni samaki wa kukaanga baa kwa Dolores, na ukichelewa unakuta viazi vitupu. Tumbo likanituma, nami nikatumika.

Arlen Tollefson aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na sita, asimwage hata ndoo. Ana ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake Merle, naye mtu wa pikipiki. Walikosana kwa sababu Merle aliuza ng'ombe wa mama yao kabla mama hajazikwa. Miaka minne hawasemezani.

Wiki ya pili Arlen akaja karakana. "Denny, chombo chako hiki kitaniua. Nikipunguza mwendo, nikiachia mkono mmoja tu, usukani unatapatapa."

Nilijua pa kutazama: kwenye shingo ile. Lakini mdomo ukasema, "Aa, upepo wa tairi tu huo, mzee."

Nikajaza upepo. Akarudi.

"Basi ni lile sanduku la nyuma, umelishindilia mno."

"Lina koti la mvua na mkate, Denny!"

"Sasa si ushike kwa mikono miwili? Nani kakutuma uachie?"

Akanywea, akaenda zake. Mtu mzima wa miaka sitini na tisa nimemkemea kwa kosa langu mwenyewe! Na tena, sisi wa pikipiki tukipishana tunashushiana mkono wa kushoto. Ndiyo salamu yetu, na asiyeitikia anaonekana ana maringo. Arlen, kwa kunitii mimi, akaacha kusalimia watu.

Mara ya tatu hakuvua hata helmeti.

"Nimepishana na Merle pale njia panda ya kiwanda cha jibini. Kanishushia mkono. Yeye, Denny! Kaanza yeye! Na mimi napunguza mwendo, nimeung'ang'ania huu usukani wako kwa mikono miwili." Akaupiga usukani kofi. "Nimempita kama simjui."

Nikaipiga jeki pikipiki. Gurudumu likiwa hewani nikausukuma usukani kidogo. Usukani uliokazwa vizuri husogea, ukarudi kidogo, ukatulia. Huu ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi. Nikaishika miguu ya mbele, vile vyuma viwili vinavyobeba gurudumu, nikaivuta kwangu: kok! Arlen aliisikia. Nati ya shingo ilikuwa imelegea hata vidole vingeizungusha.

"Nani alikaza hii?"

Ningeweza kusema ni kiwandani, na ulimi ulikuwa tayari kabisa.

"Mimi. Sikuikaza, mzee. Niliwahi samaki. Na tangu siku ile ya kwanza nilijua."

Alinitazama hadi nikainamisha kichwa. "Usiniombe radhi mimi. Nenda kwa Merle."

Nilimkuta kwa Dolores, sahani mbele yake. Nikamwambia yote, nimesimama, watu wanasikia. Akaweka uma chini.

"Unajua imenichukua miaka minne kuushusha ule mkono?"

"Najua."

"Hujui, bwege wewe! Nilikwenda nyumbani nikalia." Akauchukua tena uma. "Umeikaza sasa?"

"Nimeikaza. Nimeipima mara tatu."

"Mwambie kesho saa nne asubuhi, pale pale. Safari hii aanze yeye."

Kesho yake saa tatu na nusu nilikuwa njia panda, nimesimama kando ya barabara. Nati ile ikilegea tena, basi mimi si fundi wala si mtu. Arlen akatokea, akapunguza mwendo. Mkono wake wa kushoto ukashuka mapema mno, Merle bado yuko mbali, na ukabaki chini vilevile. Usukani haukutikisika. Merle akaushusha wake, akampita, halafu akageuza pikipiki kumfuata kakaye.

Walipopita mbele yangu pamoja niliinua mkono kuwasalimu. Hakuna aliyeitikia, na sikuwalaumu.