Jina Nililotaka Kuliandika

Nawafundisha wasichana adabu, kwa hiyo kisa hiki nakieleza kwa shida. Jumamosi iliyopita mimi, mume wangu na watoto tuliteremka kutoka Mbulu kwa gari la kuazima, mlima Hanang ukijitokeza mbele yetu kila kona. Tulikuwa tunamfuata Mzee Gidahuda wa Balangdalalu, ambaye sikuwahi kumwona, lakini ndiye aliyemtunzia marehemu baba yangu ng'ombe sita. Karatasi haikuwepo; urithi wetu wote ulikuwa neno lake.

Mahali barabara ilipobana, kundi la ng'ombe likatuzibia njia. Mzee aliyejitanda shuka alikuwa analiswaga bila haraka. Nikashuka na, pasipo hata shikamoo, nikamhubiria mbele ya wanangu kwamba barabara ya serikali si zizi.

"Mama Yosefu, rudi garini," mume wangu alisihi. "Watapita tu."

"Yeye atapita kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akashtakiwe," nikasema, nikafungua daftari langu. "Jina lako nani?"

"Gidahuda," akajibu kwa upole, akinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Nawe, binti, baba yako ni nani?"