Nilijua Wana Haki ya Kupiga Kura, Nikawatia Hofu

Nimekosa. Sitafuti neno laini zaidi, ingawa kazi yangu ni kutafuta maneno. Nilimwangusha mdogo wangu katika uchaguzi, na silaha niliyoitumia ni heshima ambayo watu wamenipa.

Ninaishi Al Mansoura, hapa Doha, na ninafanya kazi ya kuhakiki tafsiri. Watu wetu huniita Ustadhi. Ijumaa baada ya sala hunijia madereva, walinzi na wafanyakazi wa hoteli, huyu na mkataba wake, yule na barua ya kafili wake, mwajiri anayemdhamini kukaa nchini, wakitaka niwafafanulie. Sisemi jambo kabla ya kulipata kwenye asili yake. Hiyo ndiyo sifa yangu, na hiyo ndiyo niliyoichafua!

Kabla ya Qatar nilisoma Uingereza, katika mji mdogo wa wilaya moja ambayo sitaitaja. Mdogo wangu wa kike, nitakayemwita Rukia, alinifuata huko, akaolewa huko, akabaki. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki. Mimi ndiye niliyekuwa walii wake siku ya ndoa. Tangu hapo hakununua hata gari bila kunipigia simu: "Kaka, unaonaje?"

Basi diwani wa kata yao alijiuzulu, ukaitishwa uchaguzi mdogo, na Rukia akajitokeza kuwa mgombea binafsi. Halmashauri ya wilaya ilitaka kuuza ukumbi wa mtaa ambamo akina mama wetu huwasomesha watoto Kurani siku za Jumamosi, na wazee wa Kiingereza hula pamoja chakula cha mchana katikati ya wiki. Rukia hufanya kazi ya kuwatunza wazee. Wao ndio waliomsukuma agombee.

Habari hiyo niliipata wapi? Kwenye kundi la simu la Waswahili wa mji ule, ambalo sikuwahi kujitoa. Niliona picha yake, ushungi wa kijani, tabasamu, na chini yake pongezi za kila mtu. Mimi, niliyesimama mahali pa baba, nilikuwa wa mwisho kujua! Nikampigia simu.

"Kaka, nilitaka kukuambia," alisema, "lakini wewe ungenihoji mpaka siku ya kurudisha fomu ipite."

Akacheka. Alisema kweli, na kweli hiyo ilinichoma. Sikumgombeza. Nilimtakia heri kwa sauti kavu, nikakata simu, nikabaki na kinyongo.

Rukia alijitoa kundini alipoanza kampeni, ili watu wamjadili bila kuoneana haya. Siku chache baadaye Mama Shufaa, jirani yake na mwalimu wa watoto pale ukumbini, akaandika:

"Ustadhi, shikamoo. Sisi wenye pasi za Tanzania na Kenya, tunaruhusiwa kumpigia Rukia kura? Wengine wanasema ukijiandikisha unaharibu viza. Na kujiandikisha kunafungwa wiki hii. Wewe ndiye tunayekuamini."

Jibu nilikuwa nalo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi kule kihalali ana haki ya kuwachagua madiwani. Wala sikuhitaji kitabu! Nilipokuwa mwanafunzi nilipiga kura mimi mwenyewe, raia wa Tanzania, katika ukumbi wa shule, kwa penseli iliyofungwa uzi kwenye kibanda. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Rukia juu ya penseli ile, naye akaniuliza kama waliogopa nitaiiba.

Niliandika nini? Haya hapa, neno kwa neno: "Marahaba, Mama Shufaa. Mgeni hachagui mwenye nyumba. Mambo ya viza si ya kuchezea. Mwenye shaka na ajiepushe."

Tazameni ufundi wa uovu huo! Hakuna sentensi hata moja ambayo hakimu angeiita uongo. Nilipima kila neno, nikajiambia kwamba sikukataza, nilinasihi tu. Nilijua pia nani wangeyasoma. Wengi wa kundi lile walipitia Ghuba kabla ya kufika Uingereza, na huku tumezoea kwamba mgeni hufanya kazi yake, hutazama tarehe ya kitambulisho chake, na hunyamaza.

"Ahsante, Ustadhi," akajibu Mama Shufaa. "Umetuokoa."

Siku ile ile Wafula, Mkenya anayelinda jengo moja Lusail, alikuja kunywa chai. Nilimsomea swali na jibu, nikitarajia sifa.

"Lakini Prof," akasema, "wewe ulipokuwa huko, ulipiga kura?"

"Nilipiga."

"Na walikufukuza?"

"Mambo haya yana masharti yake, Wafula."

"Aah! Mimi ndiye askari, lakini leo wewe ndiye umefunga geti. Na ni sistako uko nje!"

Alicheka, nami nikamwongezea chai, nikabadilisha mazungumzo. Muda wa kujiandikisha ulikuwa haujaisha. Sentensi moja tu ingetosha. Sikuiandika.

Matokeo yalitangazwa Ijumaa. Rukia alishindwa kwa kura chache kuliko watu wanaokaa kwenye sinia mbili za pilau, na kundi lile lina watu wa sinia nyingi kuliko hizo.

Alinipigia akilia. Mpambe wa mpinzani wake alikuwa amemwambia mbele ya watu, kwenye chumba cha kuhesabia, kwamba hata wenzake hawakuja.

"Kaka, nimewakosea nini? Nimewapikia, nimewauguzia wagonjwa, watoto wao wamelala kwangu. Kwa nini wamenikataa?"

Nami nikamwambia, "Subira, mdogo wangu. Ndiyo walimwengu."

Nikamfariji! Mimi! Jibu la kwanza lilitoka kwenye kinyongo, na kinyongo huweza kuombewa radhi. Lakini hili? Nilimwacha aamini kwamba majirani zake wanamchukia. Akaacha kwenda ukumbini. Mama Shufaa akimsalimu, anaitikia huku anatembea. Nilisikia yote hayo kwa wiki kadhaa, nikanyamaza.

Hatimaye Mama Shufaa alimfuata nyumbani kwake. "Umetununia kwa lipi, Rukia? Sisi tulikutaka. Tulimuuliza kaka yako, akatuonya kuhusu viza."

Rukia akanipigia. Hakutoa salamu.

"Kaka, ile penseli yenye uzi. Ulinitungia hadithi, au ulipiga kura kweli?"

"Nilipiga."

Nilimsikia akivuta kiti, akaketi.

"Ungekuwa hujui, ningekusamehe leo hii. Watu hukosea. Lakini ulijua, halafu ukanisikiliza nikilia."

"Nilikasirika kwa sababu hukuniambia."

"Basi ungenigombeza! Ungenitukana hata! Mimi mdogo wako, ningepokea."

Niliandika kundini kwamba nilipotosha, na kwamba nilijua. Mama Shufaa alijibu, "Tumesoma. Siku nyingine tutawauliza halmashauri wenyewe." Hapakuwa na shikamoo, wala Ustadhi, wala neno jingine kutoka kwa mtu yeyote.

Ukumbi umekwisha kuuzwa. Sidai kwamba diwani mmoja angeuokoa. Hilo silijui, na nimeapa kutosema nisilolijua. Ninalolijua ni kwamba siku halmashauri ilipoamua, hapakuwa na mtu mle ndani wa kusimama na kusema wazee wale watakula wapi. Watoto sasa husomea sebuleni kwa Mama Shufaa, kwa zamu, kwa kuwa hawaenei.

Rukia hupokea simu zangu. Huniuliza hali, huniombea dua, hukata. Wenzake wamemshika agombee tena katika uchaguzi mkuu wa madiwani, lakini mwenyewe anasema hana moyo huo. Laiti ningejua namna ya kumrudishia!

Ninyi mnaoaminiwa, mnaoulizwa na watu wasio na pengine pa kuuliza, nawasihi: swali likikukuta umemkasirikia mtu linayemhusu, usilijibu. Sema waziwazi, "Nina kinyongo naye, muulizeni mwingine." Utaona haya kidogo, kisha itapita. Haya yangu mimi haijapita.